Mtoto Akiiacha Imani, Mzazi Hana Kesi ya Kujibu

Ipo hukumu moja ambayo sisi Wakristo wa Tabora huitoa bila kusikiliza shauri. Kijana amebatizwa akiwa mchanga, amemaliza darasa la kipaimara, ameimba kwaya ya watoto mpaka sauti ikavunjika. Kisha anakwenda chuoni Dodoma au kazini Dar es Salaam, na likizo ya kwanza anarudi nyumbani hataki tena kwenda ibadani. Mwingine anasilimu ili amuoe binti waliyekua naye mtaa mmoja hapo Cheyo. Mwingine hahamii popote, anasema tu kwamba haamini tena. Lawama haianzi kwake. Inaanza kwa mama yake. Jumapili, watu wakiwa wanapeana mikono mlangoni, swali linakuja kwa sauti ya upole: "Mama, kijana wetu mbona hatumwoni siku hizi?" Anayeuliza analijua jibu. Jumapili inayofuata mama huyo anaondoka kabla ya baraka ya mwisho, na baba, kama ni mzee wa kanisa, anaitwa pembeni na kuombwa apumzike uongozi mpaka mambo ya nyumbani yatulie. Hoja ya wanaohukumu ni fupi na kila mtu anaijua kwa moyo: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Akipotea, waliomlea ndio waliompoteza. Naipinga hoja hiyo. Naipinga nikiwa Mkristo, kwa Maandiko tunayoyasoma wote na kwa historia ya mji huu, kwa sababu licha ya kuwaonea wazazi inamfungia mtoto mlango ambao angeweza kuupitia akirudi.

Tuanze na mji wenyewe. Tabora haikuanza kuwa mji wa Wakristo. Ilikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Burton na Speke walipofika mwaka 1857, wakati huo pakiitwa Kazeh, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga na kutulia. Vijana wa Kinyamwezi walikuwa wakibeba pembe za ndovu kwenda pwani kabla mmisionari yeyote hajaiona nchi yao, na miongoni mwao wapo waliorudi wamevaa kanzu, wana majina mapya, na hawataki tena kukaa kwenye tambiko la ukoo. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki, ulifika kwa njia hiyohiyo, ukagawanyika hapa Tabora, kundi moja likashika njia ya Ujiji na Ziwa Tanganyika, jingine likapanda kwenda Nyanza na Buganda. Mwaka 1898 Wamoravian walipokea kutoka kwa wamisionari Waingereza wa London kituo cha Urambo, palipokuwa makao ya mtemi Mirambo. Na ni akina nani waliojaza madarasa ya wamisionari? Wazee wengi walibaki na mizimu yao. Waliokwenda walikuwa hasa vijana, na nyumbani kwao kila mmoja alikuwa na baba aliyejenga vibanda vya mizimu uani, aliyemfundisha majina ya mababu na namna ya kuwaomba. Watoto wa Kipalapala walikuwa na habari nzito zaidi. Katika miaka ya 1880 mapadri walikuwa na makao huko ya watoto waliokombolewa utumwani, wakalelewa na kufundishwa dini. Mama zao hawakuwapo kuulizwa. Ukoo wowote wa Kinyamwezi ulio wa Kikristo leo, ukirudi nyuma vizazi vichache, utamkuta mtu aliyeiacha dini ya wazazi wake. Imani yetu sote hapa ilianzia kwa mtoto aliyeondoka.

Basi nawauliza wanaotoa hukumu: wazee wale wa nchi hii ya Unyanyembe walikuwa walezi wabaya? Hawakufundisha? Walifundisha kwa bidii ambayo wengi wetu hatuna, kwa maneno na kwa matendo, msimu kwa msimu. Hawakukosa fimbo wala hawakukosa heshima mbele ya watoto wao. Hata hivyo watoto waliondoka. Kama kuondoka kwa mtoto ni ushahidi wa malezi mabovu, inatupasa tuseme kwamba Kanisa la Tabora limejengwa na watoto waliolelewa vibaya, na hakuna mzee wa kanisa atakayekubali kusema hivyo kuhusu babu yake. Tunasema kwamba babu alisikia neno, akapima, akaamua. Tunamhesabia uamuzi wake. Uamuzi huo tunaompa babu, mjukuu wake tunamnyima, tunasema ameharibiwa na mama.

Mfano ulio karibu nasi ni Julius Nyerere. Alifika shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937, mwana wa Burito, chifu wa Wazanaki, mtu wa wake wengi aliyeishi na kufa katika dini ya mababu. Burito alifariki mwaka 1942. Desemba 1943 mwanawe alibatizwa, naye baadaye akarudi Tabora kufundisha katika shule ya wamisionari. Leo Kanisa Katoliki linamwita Mtumishi wa Mungu, na wapo wanaosali ili siku moja atangazwe mwenye heri. Sijamsikia hata mmoja kati yao akimlaani Burito kwa kumlea mtoto aliyeiacha dini ya nyumbani. Wanamsifu kwa kumlea mtu mwadilifu, nao wana haki. Kumbe tunaweza, tukitaka, kutenganisha malezi ya baba na dini aliyoichagua mwana.

Tazama na tarehe 3 Juni. Kila mwaka siku hiyo tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886, miongoni mwao vijana waliofundishwa na wale mapadri walioachana na wenzao hapa Tabora miaka minane kabla. Mmoja wao ni Mbaga Tuzinde. Mkuu wa wauaji, Mukajanga, ndiye aliyemlea kama mwanawe. Alimrudisha nyumbani, jamaa wakamzunguka na kumsihi aseme neno moja tu la kuikana dini mpya, au akubali kufichwa. Kijana akakataa. Mwishowe Mukajanga akaamuru apigwe kwanza shingoni, ili moto umkute amekwisha kufa. Tunapoisimulia habari hii tunamtazama kijana peke yake, na ni sawa, yeye ndiye shahidi. Lakini mle ndani yumo pia mlezi aliyeshindwa kumrudisha mtoto kwenye dini ya nyumba yake, akabaki na huruma isiyokuwa na njia. Mzazi wa Cheyo ambaye bintiye amekataa kuvaa tena rozari anaijua sehemu hiyo ya habari kuliko mhubiri anayeisimulia madhabahuni.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kwamba nachanganya mambo: wale walitoka gizani kwenda kwenye nuru, hawa wanatoka kwenye nuru kwenda gizani. Nakubali kwamba kwa Mkristo safari hizi mbili hazilingani, na nisingekuwa Mkristo kama ningeona zinalingana. Lakini hoja yangu haihusu mahali walikokwenda. Inahusu nani aliyewapeleka. Kanisa liliwapokea vijana wale bila ruhusa ya baba zao kwa msingi mmoja tu, kwamba dhamiri ya mtu mzima ni yake mbele ya Mungu. Msingi huo ukiwa kweli kwa mtoto wa mwenye mizimu, ni kweli kwa mtoto wa mchungaji. Huwezi kuutumia kuwapokea watoto wa watu kisha ukauweka kabatini wanapoondoka wa kwako. Nchi yetu nayo imeuandika: ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa imani, na humo imetajwa haki ya mtu kubadilisha dini yake. Kwa ibara hiyohiyo Wakristo tunasimama tunapohubiri hadharani na kubatiza watu wazima waliotoka dini nyingine.

Sasa Maandiko. Wanaohukumu wanashika aya moja ya Mithali, sura ya 22, inayosema juu ya kumlea mtoto katika njia impasayo na kwamba hataiacha akiwa mzee. Wanaisoma kama hati ya mkataba: timiza sehemu yako, matokeo yamehakikishwa. Mithali haziandikwi hivyo. Kitabu hichohicho kinasema mwenye bidii hutajirika, na kila mkulima wa tumbaku wa Urambo aliyewahi kupigwa na mvua ya mawe anajua kwamba bidii ni njia njema isiyo na dhamana. Mithali inaonyesha jinsi mambo yanavyoelekea kwa kawaida, haimfungi Mungu wala haimfungi mtoto. Ukitaka kujua Biblia inavyowaona wazazi wenye watoto walioasi, soma habari zao. Samweli, aliyetolewa kwa Mungu tangu utoto, alikuwa na wana wawili, Yoeli na Abiya, waliokula rushwa wakiwa waamuzi huko Beer-sheba. Hakuna neno la kumlaumu Samweli kwa ajili yao, na baada ya hapo bado ni yeye aliyewatia mafuta Sauli na Daudi. Hezekia aliyesafisha hekalu alimzaa Manase aliyelichafua. Amoni aliyekuwa mbaya alimzaa Yosia aliyekuwa mwema kupita wafalme wengi. Ezekieli anatumia sura nzima, ya 18, kuivunja kabisa dhana kwamba mwana huchukua hesabu ya baba au baba hesabu ya mwana. Na Isaya anakifungua kitabu chake kwa malalamiko ya Mungu mwenyewe, kwamba amelea watoto na watoto hao wamemwasi. Anayesema kila mtoto aliyeondoka ni ushahidi dhidi ya mzazi atafute jinsi ya kuisoma sura hiyo ya kwanza ya Isaya bila kumshitaki Mungu.

Eli je? Hapo wapinzani wangu wana hoja yenye uzito, na nitaijibu kwa uangalifu. Eli aliadhibiwa kwa ajili ya wanawe Hofni na Fineasi. Lakini angalia kosa lilikuwa nini. Walikuwa makuhani chini yake, wakipora nyama za sadaka na kuwadhalilisha wanawake mlangoni pa hema, na yeye mwenye mamlaka ya kuwaondoa kazini akaishia kuwanong'oneza. Eli alihukumiwa kwa kulinda waovu katika ofisi. Hakuhukumiwa kwa sababu ya mioyo yao. Kiongozi wa kanisa anayemwachia mwanawe fedha za usharika na kufumba macho huyo ndiye Eli wa leo, na mara nyingi hatumgusi, kwa sababu kijana bado anakuja ibadani. Ndivyo na Paulo. Katika barua yake ya kwanza kwa Timotheo anataka kiongozi awe mtu mwenye kuisimamia nyumba yake vizuri na kutiiwa na watoto wake. Ni sharti zuri, na linahusu nyumba inayosimamiwa: watoto walio mezani pake, chini ya mamlaka yake. Mwanamke wa miaka thelathini mwenye kazi yake na mji wake Mwanza hasimamiwi na baba aliye Tabora. Paulo huyohuyo, katika sura ya tano ya barua hiyo ya kwanza, anakataza kupokea mashitaka juu ya mzee pasipo mashahidi wawili au watatu. Mzee wa kanisa anayesimamishwa kwa sababu mwanawe amesilimu amesimamishwa bila shitaka lolote lililo lake.

Wengine huacha Maandiko na kushika hali ya nyakati: wazazi wa leo wamelegea, ndiyo maana vijana wanakimbia kwa wingi kuliko zamani. Kwa wingi upi? Sensa za Tanzania hazijauliza dini ya mtu tangu ile ya mwaka 1967, kwa hiyo anayetamka kwa uhakika kwamba hiki ndicho kizazi kilichokimbia zaidi anatamka hofu yake. Mahali ambapo jambo hili limepimwa kwa muda mrefu ni ugenini. Vern Bengtson, mwanasosiolojia wa Marekani, na wenzake walizifuatilia familia zaidi ya 350 za California ya kusini kwa miaka 35 kuanzia 1970, wakachapisha kitabu mwaka 2013. Marekani si Unyamwezi, na nisingetaka tuhamishe kila kitu. Lakini matokeo yao mawili yanastahili kusikilizwa na pande zote mbili. La kwanza linawapa nguvu wapinzani wangu: wazazi wana athari kubwa, na athari hiyo haikupungua kadiri miaka ilivyokwenda. La pili linawanyang'anya hitimisho lao. Kilichopitisha imani kutoka kizazi hadi kizazi kilikuwa zaidi ukaribu, hasa ukaribu wa baba, kuliko ukali wa mafundisho. Baba mcha Mungu aliyekuwa baridi kwa watoto wake alipitisha kidogo kuliko baba mchangamfu. Sasa fikiri hukumu yetu inamfanya nini baba. Inamwambia kwamba heshima yake kanisani inategemea kumrudisha mwanawe haraka, au sivyo kumkana. Inamsukuma kuwa baridi. Kitu pekee alichobaki nacho chenye nguvu, ule ukaribu, ndicho tunachomtaka akitoe sadaka ili sisi turidhike.

Yanayofuata tunayajua. Ada ya chuo inakatwa katikati ya muhula. Kijana anapelekwa kwa nguvu kwenye maombi ya mkesha, anawekewa mikono na watu asiowajua, anaambiwa ana pepo, na anatoka pale akiwa na sababu mpya ya kutorudi. Binti anafunga ndoa ya kiserikali, jambo ambalo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaliruhusu, na upande wake wote wa viti uko mtupu. Mjukuu anazaliwa, bibi anamwona kwenye simu tu, tena kwa siri, babu akiwa shambani. Baada ya miaka kumi hivi mtu anasema kwa masikitiko kwamba yule mtoto alijitenga na ukoo. Hakujitenga. Alibadili dini, waliobaki wakamtenga, na waliomtenga walikuwa wakijiokoa na macho ya watu mlangoni pa kanisa.

Huambiwa wazazi hao wamwige Mtakatifu Monika, mama yake Agostino, na ushauri huo ni mwema kama utatolewa mzima. Tunachukua machozi na sala zake, tunayaacha mengine. Monika alikuwa mwanamke wa Afrika ya kaskazini, wa nchi inayoitwa leo Algeria, huko huko ambako Askofu Mkuu Lavigerie aliwaanzisha Mapadri Weupe mwaka 1868. Agostino alipoingia dhehebu la uzushi la Wamani, Monika kwanza alifanya tunachofanya sisi: alikataa kukaa naye nyumba moja na kula naye meza moja. Kisha akaota ndoto iliyomtia moyo, akamrudisha mezani. Agostino alirudishwa wakati bado ni Mmani, miaka mingi kabla ya ubatizo wake wa mwaka 387. Monika alimwendea pia askofu, akamwomba azungumze na kijana na kumshinda kwa hoja. Askofu, aliyekuwa amelelewa yeye mwenyewe kwa Wamani, alikataa. Alimshauri amwache, amwombee tu. Kama halmashauri zetu zingekuwa pale, nadhani Monika angesimamishwa katika kikundi cha akina mama na askofu angeitwa mlegevu. Tena tusimfanye Monika kuwa ahadi. Wapo akina mama waliolia kama yeye na wakazikwa watoto wao wakiwa hawajarudi. Kuwaambia kwamba sala zao zilipungua ni kuwapiga tena.

Swali la mwisho ni la haki: tukiwaondolea wazazi lawama, hawatazembea? Hawatasema kila mmoja na dhamiri yake, wakaacha kufundisha? Mzazi mvivu yupo, na anastahili kuambiwa wazi: aliyempeleka mtoto kubatizwa kwa ajili ya sherehe, hakusali naye hata siku moja, akawaachia walimu wa Jumapili kazi yote. Aambiwe wakati mtoto ana miaka sita, si wakati ana ishirini na sita. Lakini hukumu tuliyonayo haimpati huyo. Mzazi mvivu haumii mtoto akiacha dini, kwani hata yeye mwenyewe alikuwa hajali sana. Anayeumia ni yule aliyefundisha, aliyefunga, aliyelipa ada ya seminari kwa kuuza asali na tumbaku, na usiku anayarudia mafundisho yake moja moja akitafuta alipokosea. Anaogopa kwamba hatamwona mwanawe mbinguni. Hofu hiyo ni kubwa kuliko chochote tunachoweza kumwongezea, na mtu aliyeibeba anahitaji jumuiya ije nyumbani kwake kusali naye, ikae, inywe chai, na ikiwezekana isiulize.

Kwa mzazi nasema: mwanao mtu mzima aliyeiacha imani bado ni mwanao, na kumpokea mezani si kuitia sahihi imani yake mpya, kama vile baba wa Luka 15 hakutia sahihi maisha ya mwanawe kwa kumtazamia njiani. Mwambie mara moja, wazi, kwamba umeumia na kwamba unaendelea kusali. Kisha hudhuria harusi yake, mbebe mjukuu wako, mpokee Krismasi akija na mkewe Mwislamu, na mpikie mkewe anachoweza kula. Na kwa mabaraza ya wazee na halmashauri za parokia hapa Tabora, wa kila dhehebu: kama yupo mwenzenu mliyemwondoa kwa sababu ya mtoto wake mtu mzima, mwandikieni barua, mmrudishe kwenye nafasi yake, na msome jina lake Jumapili mbele ya watu walewale waliosikia akiondolewa.